Mume Ana Presha na Bajeti ni Ile Ile: Ninunue Nini?

Swali: Mume wangu alipimwa mwezi uliopita akakutwa presha yake imepanda. Aliandikiwa dawa, na tukaambiwa tubadilishe chakula, basi. Sisi ni wanne, watoto wana miaka 9 na 6, na tunaishi Umoja, Nairobi. Kila mwisho wa mwezi tunanunua vitu vya nyumba supamaketi kwa shilingi 12,000 hivi, halafu mboga nanunua kwa mama mboga jioni na chenji iliyobaki. Safari hii nilichukua vitu vilivyoandikwa ni vya afya: mkate wa kahawia, mafuta yasiyo na kolesteroli, yogati, asali, siriali ya watoto. Hesabu ikapita 17,000, nikarudisha nusu pale pale kwenye kaunta watu wakiniangalia. Kwani kula vizuri ni kwa wenye pesa? Na jirani ananiambia kuna chumvi maalumu ya watu wa presha. Nitie nini kwenye kikapu, na niache nini?

Jibu: Dada, kabla ya kikapu, neno moja kuhusu mzee: dawa asiache. Chakula kinashusha presha, lakini kinafanya kazi pamoja na vidonge, na wa kupunguza dozi ni daktari peke yake akiona vipimo vimetulia. Nalisema mapema kwa sababu wengi wakishaanza kula vizuri, kichwa kikaacha kuuma, huweka dawa kando wakidhani wamepona. Presha haipigi hodi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kwa kila wanne hapa Kenya ana presha, na wengi wao hawakuwa na habari. Mzee wako amebahatika kujua.

Sasa tuje kwenye lile la wenye pesa. Linaniuma, maana nalisikia mara kwa mara na najua limetoka wapi. Limetoka kwenye rafu. Neno "afya" likichapishwa mbele ya pakiti, bei inapanda, na mama mwenye mgonjwa nyumbani atajikaza alipe. Lakini vile vitu ulivyovirudisha kaunta, karibu vyote hukuvihitaji, na usione haya hata kidogo kwamba uliviacha. Chakula cha kumsaidia mzee na kuwajenga watoto kiko kwa mama mboga wako, kwa muuza nafaka wa mtaani na sokoni, na mara nyingi kinauzwa bei ya chini kuliko cha pakiti. Supamaketi ibaki ya vitu vichache ambavyo lazima vipite kiwandani: chumvi, mafuta, unga, maziwa, na sabuni zako. Leo rafu inakula elfu kumi na mbili na mama mboga anapata chenji. Ninachokuomba ni kugeuza mzani huo.

Tuvipitie ulivyochukua. Mkate wa kahawia unaweza kuwa mkate mweupe uliotiwa rangi. Geuza pakiti usome viungo, kwa sababu hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kama cha kwanza ni unga wa ngano tu, bila kutajwa kwamba ni ngano nzima, basi rangi hiyo haina kazi tumboni. Mafuta "yasiyo na kolesteroli" ni maneno ya kweli yasiyokuambia kitu: kolesteroli hutoka kwa wanyama, kwa hiyo chupa yoyote ya mafuta ya mimea ingeweza kuandikwa hivyo, hata yale mazito yanayoganda asubuhi ya baridi. Asali ni tamu na ni nzuri kwa kikohozi, lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, huihesabu pamoja na sukari, na mwili nao huihesabu hivyo hivyo. Sukari ya kahawia ni sukari.

Yogati inataka maneno zaidi kidogo, maana watoto wanaipenda. Maziwa yenyewe yana sukari yake ya asili, karibu gramu 5 kwa kila gramu 100. Ukikuta kikopo cha yogati ya stroberi kimeandikwa sukari gramu 12 au 13, ile ya ziada ndiyo iliyotiwa kiwandani, kijiko kimoja na nusu hadi viwili kwa kila gramu 100. Nunua mala, yaani maziwa ya mgando, isiyotiwa sukari, ukatie ndizi mbivu ndani. Watoto watakunywa. Siriali ya watoto usiirudie kabisa. Nyingi zinaangukia kwenye kipimo ambacho Uingereza hukipaka rangi nyekundu ya kuonya, yaani zaidi ya gramu 22.5 za sukari kwa gramu 100, na bei yake ya kisanduku kimoja ingekununulia unga wa uji wa wiki kadhaa.

Tukae sana kwenye chumvi, kwa sababu kwa mtu wa presha hapo ndipo penye vita. WHO inasema mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa juu, kwa siku nzima, na kinahesabu chumvi yote: ya kwenye mkate, ya kwenye mchuzi, ya kwenye blubendi ya asubuhi, na ile ya kunyunyizia mayai ya kuchemsha. Mkate wa dukani mara nyingi una karibu gramu moja ya chumvi kwa kila gramu 100, ndiyo kusema mzee akila slesi nne na chai, sehemu ya tano ya chumvi yake imeenda kabla hajatoka nyumbani.

Wanaotia chumvi nyingi nyumbani kwako pengine si wewe. Ni vile vidonge vya mchuzi na unga wa mchuzi wa pakiti. Karibu nusu ya uzito wa kidonge cha kawaida huwa ni chumvi. Mpishi wa Nairobi anaanza na chumvi, anaongeza kidonge, akionja anaona bado, anamalizia na kijiko cha unga wa mchuzi ili supu iwe nzito. Ametia chumvi mara tatu na anajiambia ametia mara moja. Kama kuna kitu kimoja tu utakachofuta kwenye orodha yako mwezi huu, futa hivyo. Ladha itafutwe kwingine: kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, nyanya zikaangwe hadi zilainike kabisa, dhania mwishoni, ndimu, pilipili hoho, manjano, bizari nzima. Ukinunua masala ya pilau, soma viungo uone kama chumvi imo. Ziko zenye chumvi na ziko zisizo nayo. Wiki mbili tatu za kwanza mzee atalalamika. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa, na akishazoea, chakula cha hotelini ndicho atakachokiona kimezidi.

Kuna chumvi nyingine isiyoitwa chumvi, na hii wengi haijawapitia akilini. Jioni katika mitaa yetu unamkuta mama ameketi na sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, anauza maharagwe, ndengu au githeri iliyochemshwa kwa mkebe. Ni huduma nzuri, inakuokolea gesi, na mimi naipenda. Lakini baadhi yao hutia magadi ili maharagwe yalainike upesi. Magadi ni sodiamu, na ni sodiamu hiyo hiyo ndani ya chumvi inayopandisha presha. Tena inaharibu vitamini B1 iliyo kwenye maharagwe. Muulize tu: "Mama, umetia magadi?" Atakuambia. Maharagwe yaliyotiwa magadi huwa yamevurugika, ganda limetoka, na ukiyasugua kidogo kati ya vidole yanateleza kama sabuni. Yasiyotiwa hubaki na umbo lake. Vivyo hivyo kwa wanaotia magadi kwenye managu au mrenda. Mboga inalainika na kubaki kijani, lakini mzee anakula sodiamu.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Ukifungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Familia yenu, wakubwa wawili na watoto wawili, ingepaswa kula kama gramu 16 kwa siku kwa wote, ambayo kwa mwezi ni karibu nusu kilo. Lakini hiyo ni pamoja na ya mkate na vya pakiti. Kwa hiyo pakiti ya jikoni ikikaa miezi miwili, mko sawa. Ikiisha ndani ya mwezi, kuna mkono mzito mahali. Tarehe iandike pia kwenye chupa ya mafuta na pakiti ya sukari. Lita 2 za mafuta kwa mwezi kwa watu wanne ni kama vijiko vitatu vya chai kwa mtu kwa siku, kiasi kizuri. Kilo 2 za sukari kwa mwezi ni kama vijiko vinne kwa mtu kwa siku. WHO ingependa mtu mzima abaki chini ya gramu 25, ambazo ni vijiko sita, na watoto chini ya hapo. Mkiwa na soda nyumbani, hesabu hiyo inavurugika: chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina sukari kama vijiko kumi na vitatu. Sina njia ya kulipamba hilo. Soda iwe ya sherehe.

Ukisimama mbele ya rafu, usisome kitu chochote kilichoandikwa mbele ya pakiti. Geuza nyuma, tafuta jedwali, na uangalie safu ya gramu 100 peke yake. Ile ya "kwa mlo mmoja" mwenye kiwanda ndiye aliyeamua mlo ni kiasi gani, na huamua kidogo. Pakiti nyingi huandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Tuchukue mfano wa pakiti ya tambi zile zinazoiva kwa dakika mbili tatu. Sema imeandikwa sodiamu miligramu 1,200 kwa gramu 100, na pakiti ni ya gramu 70. Ndani ya pakiti hiyo mna sodiamu miligramu 840. Mara 2.5, ni gramu 2.1 za chumvi. Uingereza humwekea mtoto wa miaka 4 hadi 6 kikomo cha gramu 3 kwa siku. Mtoto wako mdogo amekula theluthi mbili ya chumvi yake ya siku kwa bakuli moja ambalo halina mboga wala protini ya maana. Chumvi nyingi iko kwenye kile kifuko cha viungo, kwa hiyo siku wakililia tambi hadi ukashindwa, tia robo ya kifuko, karoti iliyoparuzwa na yai. Kwa kukumbuka upesi: sodiamu zaidi ya miligramu 600 kwa gramu 100 ni nyingi, chini ya 120 ni kidogo. Sukari zaidi ya gramu 22.5 ni nyingi, chini ya 5 ni kidogo. Mafuta yale mazito, yanayoandikwa kama mafuta shibe, zaidi ya gramu 5 ni mengi.

Kwa chupa ya mafuta, hicho cha mwisho kinahitaji maelezo. Mafuta ya mawese, ambayo ndiyo yaliyojaa rafu zetu kwa sababu ya bei, karibu nusu yake ni mafuta shibe. Ya alizeti ni kama sehemu ya kumi. Kwa moyo wa mtu wa presha, alizeti ni bora. Lakini kama tofauti ya bei inakubana, heri utumie mafuta mepesi ya kawaida kwa kiasi kidogo kuliko kumimina ya alizeti. Mafuta ya kuganda ya kopo yaache. Ya kupima kwenye pampu dukani siyapendi pia, kwa sababu mafuta yetu kisheria hutiwa vitamini A kiwandani, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga na hewa, na hujui yamekaa pale tangu lini. Na usinunue kamwe mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, hata yakiwa yamechujwa yakang'aa.

Unga nao watu hugombana juu yake. Unga mweupe wa pakiti umeondolewa kiini na pumba, na nyuzinyuzi nyingi zimeenda nazo. Hata hivyo, tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani urutubishwe, na kwa mahindi hiyo ni vitamini A, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki. Unga wa kusaga kwa mashine ya mtaani una nyuzinyuzi zake zote, lakini kwa kawaida haujarutubishwa. Kwa hiyo si kweli kwamba mmoja ni sumu na mwingine ni dawa. Nyumbani kwangu tungefanya hivi: unga wa pakiti uliorutubishwa, uchanganywe na wa wimbi au mtama kiasi cha moja kwa mbili au nusu kwa nusu kadiri watoto wanavyokubali. Ugali unakuwa na rangi, unashibisha mapema, na kilo za unga wa mwezi zinapungua. Sahani igawanywe upya: ugali uchukue robo, si nusu na zaidi kama tulivyozoea, mboga zichukue nusu.

Ukiamua kununua mahindi ya kusaga, yatazame kwa macho yako kabla ya kulipa. Chota konzi moja kutoka katikati ya gunia, siyo juu. Punje zilizofanya ukungu, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu au zilizosinyaa, ni dalili ya hatari ya sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika janga lililopiga zaidi Makueni na Kitui. Uma punje moja kwa meno: iliyokauka vizuri inavunjika kwa mlio, yenye unyevu inabonyea. Yakiwa na unyevu, usinunue hata yakiwa bei ya chini. Kwa sababu hiyo hiyo, ule unga wa uji wenye nafaka kumi, karanga na omena vimesagwa pamoja, sikushauri. Unachoongeza ni ugumu wa kujua ni kipi kilikuwa kimeharibika. Wimbi peke yake, au wimbi na mahindi, unatosha uji. Karanga na omena waliwe mezani wanaonekana.

Sasa twende kwa muuza nafaka, maana hapa ndipo pesa uliyookoa supamaketi itakapofanya kazi. Chukua gorogoro (ule mkebe wa kupimia nafaka) ya maharagwe na gorogoro ya ndengu mwanzoni mwa mwezi, na njahi au mbaazi ukipata. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mengi Jumamosi, gawa kwenye vibakuli. Kama huna friji, chemsha ya siku mbili tu na uyapashe hadi yachemke tena. Omena usimdharau. Analiwa mzima na mifupa yake, ndiyo maana ana kalsiamu nyingi, na kwa kawaida huanikwa juani bila chumvi, tofauti na samaki wa kukaushwa kwa chumvi ambaye mzee hafai kumgusa. Chagua omena anayeng'aa fedha, asiye na harufu kali, mwoshe kwa maji vuguvugu mara kadhaa mchanga uishe. Mayai ni mazuri. Nyama ya ng'ombe ile robo kilo ya Jumapili ipikwe na minji na karoti, inatosha wote wanne. Soseji na smoki hazina nafasi kwa mtu wa presha, kwa chumvi yake, na mwaka 2015 taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani iliziweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kwa mama mboga, kuna kitu kidogo ambacho kitakupa faida bila kuongeza shilingi. Tumezoea kuagiza sukuma ya shilingi ishirini, naye anakunja majani mkononi, anakata nyembamba kama nyuzi huku mnapiga stori, anakufungia. Ukifika nyumbani unaiosha ikiwa imekatwa, mara mbili tatu, na maji yanatoka kijani. Vitamini C na foleti zimeenda na maji hayo. Mwombe akuuzie majani mazima, uyaoshe kwanza, ukate mwenyewe, tena kwa upana wa kidole, upike kwa dakika chache kwa moto wa wastani. Kama jioni huna muda, mwambie ayaoshe kabla ya kukata. Mteja wa kila siku hanyimwi hilo.

Badilisha mboga. Leo sukuma, kesho managu, keshokutwa terere, saga, kunde, kabichi na karoti. WHO inashauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na haihesabu viazi, nduma wala muhogo. Hapa tunajidanganya sana: mchuzi wa viazi na wali tunauita wali na mboga, kumbe ni wanga juu ya wanga. Kwa familia yenu, lenga kilo moja na nusu ya mboga na matunda kwa siku. Najua ni nyingi, ndiyo maana nikakuomba uhamishe pesa. Matunda fuata msimu: embe kuanzia Desemba, avokado miezi ya katikati ya mwaka, ndizi na papai wakati wote. Avokado moja iliyopondwa ikapakwa kwenye mkate inakuondolea siagi ya kopo na chumvi yake. Ukiweza kufika Marikiti au Wangige Jumamosi alfajiri pamoja na jirani mmoja mkagawana gunia dogo au debe, bei inashuka vya kutosha kulipia nauli na kubaki.

Muulize pia mboga zimetoka wapi. Baadhi ya sukuma inayouzwa mjini hulimwa kando ya mito michafu na mifereji ya maji taka. Vijidudu vinaoshwa na kufa kwa moto, lakini metali kama risasi zikishaingia ndani ya jani hazioshwi na chochote. Sukuma yenye majani makubwa mno, ya kijani kizito, katikati ya kiangazi wakati kila mtu analia mvua, iulize maswali. Mama mboga anayenunua sokoni asubuhi atakuambia bila kusita kama ni ya Kinangop, Limuru au kwingineko.

Siku ya supamaketi yenyewe, nenda mkiwa mmekula, nenda na orodha, na kama inawezekana watoto wabaki na baba. Peremende zimepangwa karibu na kaunta kwa kimo cha macho yao, na wewe umechoka na foleni ni ndefu. Linganisha bei kwa kilo, wala si kwa pakiti. Vifuko vidogo vya kadogo vinakula pesa polepole. Ofa ya tatu kwa bei ya mbili iangalie kama ni kitu kilichokuwa kwenye orodha. Kama hakikuwemo, hukuokoa kitu.

Nimeiacha chumvi ya jirani hadi mwisho kwa sababu inaweza kumdhuru mzee asipoulizwa daktari kwanza. Ipo kweli. Ni chumvi ambayo sehemu ya sodiamu imetolewa ikawekwa potasiamu, na Januari 2025 WHO ilitoa mwongozo ikipendekeza watu wazima waitumie nyumbani badala ya chumvi ya kawaida. Lakini mwongozo huo unawatoa wenye matatizo ya figo na wengine ambao potasiamu inaweza kuwapanda mwilini, na presha ya muda mrefu ni moja ya vitu vinavyoharibu figo. Isitoshe, baadhi ya dawa za presha zenyewe huzuia potasiamu isitoke mwilini. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Kwa hiyo siku ya kliniki, mwende na majina ya dawa zake zote, mwombe apimwe figo, na mumwulize daktari waziwazi: "Anaweza kutumia chumvi ya potasiamu?" Akikubali, nunua. Hadi hapo, kaa na chumvi ya kawaida yenye madini ya joto, na ile ya rangi ya waridi ya bei ghali uiache, maana nayo ni sodiamu.